Lushoto hadi Mtae: safari ya kuijaribu programu mpya ya GPS

Nimeyaandika haya baada ya kurudi Dar, kutokana na kijidaftari kilichoshika tope, picha za simu na traki, yaani mistari ya njia niliyopita, zilizobaki ndani ya GPS yenyewe. Safari ilikuwa Januari 2025: kutoka Lushoto mjini, kupitia msitu wa Magamba na Rangwi, hadi Mambo na Mtae, ukingoni kabisa mwa Usambara Magharibi. Njia hiyo wengi wameipita na kuisimulia. Mimi nilikuwa na shughuli ya ziada. GPS yangu ya mkononi, ile ya vitufe inayotumia betri mbili za AA, ilikuwa imepata programu mpya ya ndani, na orodha ya mambo mapya ilikuwa ndefu. Orodha za namna hii huandikwa kwa kuwafikiria watu wa Ulaya na Marekani. Nilitaka kujua ni yapi yanamfaa mtu anayepanda milima ya kwetu, chini ya miti mikubwa, akiwa na ramani za kwetu.

Alhamisi, 16 Januari. Dar, usiku

Kabla ya kugusa chochote nilinakili pointi na traki zote za zamani kwenye kompyuta, kisha nikaweka betri mpya. Hili la betri nalisisitiza kwa yeyote atakayesasisha kifaa chake: umeme ukikatika au betri ikiisha katikati ya kazi, kifaa kinaweza kugoma kuwaka tena. Faili lilipomaliza kuingia nikachomoa waya kwa utaratibu, kifaa kikajizima, kikawaka, mstari wa maendeleo ukatembea taratibu hadi mwisho.

Yaliyoongezeka ambayo nilikusudia kuyajaribu ni haya: kupokea setelaiti za Galileo pamoja na za GPS, ukurasa unaoonyesha kodineti (namba za kutambulisha mahali) za aina mbili kwa wakati mmoja, hali ya msafara inayobana matumizi ya betri, kipimo cha mwinuko kinachojirekebisha chenyewe ukiwa njiani, na traki kujihifadhi kila siku katika faili lake.

Sasisho likishaingia, usitoke nyumbani bila kupitia mipangilio yote. Kwangu ilirudi kama kifaa kilivyotoka kiwandani: saa za eneo, aina ya kodineti, hata aina ya betri. Mipangilio yangu ninaiandika daftarini, kwa hiyo niliirudisha mmojammoja. Aina ya betri watu wengi huipuuza, lakini za kuchaji zina volti ndogo kuliko za kutupa, na usipokiambia kifaa unachotumia, alama ya chaji itakudanganya. Nilizima pia ile sehemu ya WAAS na EGNOS. Ya kwanza ni mfumo wa masahihisho wa Marekani Kaskazini, ya pili wa Ulaya, na huduma zake hazifiki Afrika Mashariki. Ukiiacha wazi, kifaa kinatafuta kisichokuwepo na betri inalipa.

Ijumaa, 17 Januari. Dar hadi Lushoto

Basi la saa kumi na mbili asubuhi kutoka stendi ya Mbezi Luis liliondoka saa moja kasoro. Nauli 23,000. Niliomba siti ya dirishani upande wa kushoto, nikaibandika GPS kwenye kioo. Chalinze hadi Segera hakuna la kusimulia zaidi ya joto.

Kabla ya Korogwe tairi la nyuma likapasuka. Tulikaa barabarani zaidi ya saa moja na nusu kwa sababu jeki ya basi haikufanya kazi, ikabidi dereva wa lori la mkonge asimame na kutoa yake. Alikataa hela. Mama mmoja aliyeketi nyuma yangu alifungua kapu, akatumenyea machungwa watu wa siti tatu nzima, na nilipotaka kulipa akasema, "Kula mwanangu, njia bado." Hali ya msafara niliijaribu hapo hapo: kifaa kinazima skrini na kurekodi pointi chache. Kwa basi hainifai, kona zote hukatwa. Nikairudisha ya kawaida kabla ya Mombo.

Na hiyo Mombo ndipo raha ilipoanzia. Mji uko kwenye mita 400 na ushee juu ya usawa wa bahari, na kutoka hapo lami inapanda kupitia Soni hadi Lushoto, kwenye mita 1,400 hivi, kwa mwendo wa kilomita zisizofika 35. Kwenye kioo nilikuwa naona namba za mwinuko zikipanda kila kona, huku maporomoko ya Soni yakipita chini. Kondakta alikuja kuuliza ni simu gani hiyo. Nilipomweleza akaanza kutangaza mwinuko kwa abiria: "Elfu moja na mia!" Gari zima likawa linafuatilia.

Gesti yenye maji ya moto ilikuwa 25,000. Wali maharage na mchicha 3,000. Baridi ya Lushoto usiku ni ya kweli hata Januari, beba sweta.

Jumamosi, 18 Januari. Lushoto na Irente

Siku ya kupanga. Asubuhi nilipanda Irente kutazama nyika za Mazinde kule chini, nikanunua jibini na mkate kwenye shamba la Irente kwa ajili ya njiani. Ni msimu wa matunda damu, kila kona ya barabara kuna ndoo yake, 1,000 unapata sahani iliyojaa.

Mchana nilikutana na mwongozaji, kijana wa Kisambaa ambaye amekuwa akizunguka na watafiti wa mimea kwa miaka. Tulikubaliana 60,000 kwa siku, chakula chake juu yangu. Akatoa mfukoni GPS yake mwenyewe, ya zamani sana, rangi ya njano iliyochujuka, aliyoachiwa na watafiti. "Dada, hii imeharibika," akasema. "Njia inaonyesha vizuri, lakini tarehe imechanganyikiwa."

Nikaitazama: Jumamosi, 4 Juni 2005. Siku ya wiki sahihi kabisa, mwaka na mwezi si vyenyewe.

Haikuharibika. Setelaiti za GPS hutangaza tarehe kwa kuhesabu wiki, na katika ishara ya zamani nafasi ya kuhesabia inatosha wiki 1,024 tu, kuanzia sifuri. Zikifika mwisho, hesabu inarudi mwanzo. Ilitokea mara ya kwanza Agosti 1999, na mara ya pili usiku wa kuamkia 7 Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikuandaliwa kinadhani kimerudi nyuma wiki 1,024, karibu miaka 19 na miezi saba. Na kwa kuwa kinachopotea ni wiki kamili, Jumamosi inabaki Jumamosi. Kodineti zake haziguswi. Nilipomhesabia hivyo kwenye karatasi, akahesabu tena mwenyewe kwa kalenda ya simu, akatikisa kichwa na kukirudisha mfukoni kwa uangalifu mkubwa kuliko alivyokitoa. Modeli yake haitolewi masasisho tena, kwa hiyo tulikubaliana awe anaandika tarehe halisi daftarini kila anapoanza traki.

Nimekutana na vifaa kama hicho kwa maafisa misitu na kwa watu wa miradi ya maji. Wengi wamevitupa kabatini wakiamini vimekufa. Kama unacho, angalia kwanza kama mtengenezaji alitoa sasisho. Kama hakutoa, kitumie hivyo hivyo, ila tarehe iandike kwa mkono.

Jumapili, 19 Januari. Lushoto, Magamba, Rangwi

Tulianza saa kumi na mbili na nusu. Bodaboda hadi kijiji cha Magamba 5,000 kila mmoja, kisha tukalipia kiingilio cha hifadhi ofisini (nenda na kitambulisho, Mtanzania na mgeni hawalipi sawa) na kuingia msituni.

Hapa ndipo nilipotaka kufika na kifaa changu. Magamba ni msitu wa mvua wa milimani. Ukisimama chini ya mkulo mkubwa, anga unaiona vipande vipande. Majani mabichi yenye maji hunyonya ishara ya setelaiti, vigogo huizuia, na mteremko wa mlima unakuficha nusu ya anga. Miaka ya nyuma, traki zangu za misitu ya namna hii zilikuwa zinarukaruka upande huu na upande ule wa njia.

Nilimwomba mwongozaji tutembee kipande kimoja cha bonde nikiwa nimechagua GPS peke yake, kisha turudi na kukipita tena nikiwa nimewasha Galileo. Alikubali bila kuuliza, akapumzika kwenye kigogo nilipokuwa nabadilisha mipangilio. Mzunguko wa kwanza, bondeni kabisa, kifaa kilionyesha usahihi wa mita 14 hadi 18, na mstari ukakata kijito sehemu ambayo njia haikikati. Mzunguko wa pili kilikuwa mita sita hadi nane, na mistari ya kwenda na kurudi ikawa karibu kulaliana. Sababu haina uchawi. Galileo ni mfumo wa Umoja wa Ulaya, ulianza kutoa huduma Desemba 2016, na setelaiti zake zinazunguka kilomita 23,222 juu ya dunia, zaidi kidogo ya zile za GPS ya Marekani zilizo kwenye kilomita 20,200 hivi. Ukiwa uwanjani huzihitaji sana, GPS peke yake inatosha. Lakini msituni, pale ambapo unaona tobo mbili tatu za anga, kuongezewa kundi zima la setelaiti kunaongeza uwezekano kwamba kwenye kila tobo patakuwa na moja. Kwa mtu wa Usambara, Uluguru au Udzungwa, mimi nasema hili ndilo jambo kubwa kuliko yote katika sasisho lile.

Gharama yake ni betri. Siku hiyo betri za kuchaji ziliishia jioni, wakati kwa GPS peke yake nimezoea zinavuka hadi kesho yake. Beba jozi za akiba kutoka mjini. Betri za dukani vijijini ni zile nyepesi za redio, haziwezi kazi hii.

Mbega walituonyesha manyoya meupe ya mabega yao juu ya miti, wakapotea. Tulikula mkate na jibini kwenye jiwe. Ramani ya OpenStreetMap niliyoipakia ina barabara na vijiji vya Lushoto vizuri kabisa, ila njia za miguu za ndani ya msitu karibu zote hazimo, kwa hiyo bila mwongozaji usijaribu.

Tuliingia Rangwi saa kumi na moja kasoro, magoti yanauma. Masista wana nyumba ya wageni, safi, na chakula cha jioni kilikuwa supu ya mboga, viazi, kabichi na mkate wa moto waliouoka wenyewe. Sista aliyetupokea aliona viatu vyangu vimelowa, akavichukua bila kusema neno, na asubuhi nikavikuta vimekauka karibu na jiko.

Jumatatu, 20 Januari. Rangwi hadi Mambo

Mvua ilitukuta saa tatu asubuhi, kwenye njia ya mgongo wa mlima kati ya mashamba ya viazi na mahindi. Bibi mmoja alitoka mlangoni akatuita kwa mkono. "Ingieni, mtaumwa." Ndani kulikuwa na moto, na mumewe, mzee mstaafu aliyewahi kufanya kazi ya misitu. Tukapewa uji. Mwongozaji akawasalimu kwa Kisambaa, wakaulizana ukoo hadi wakapata mtu wanayemjua wote.

Mzee alipoiona GPS yangu aliinuka, akaleta karatasi iliyokunjwa ndani ya nailoni: ramani ya 1:50,000, ule mfululizo wa Y742 ambao wapimaji na mabwana misitu wa zamani wa Tanzania wote wanaujua. Mikunjo imechanika na kuunganishwa kwa plasta ya jeraha. Akaniuliza kama mashine yangu inaweza kupata chemchemi ambayo yeye na wenzake waliiwekea alama kwa kalamu ya risasi miaka mingi iliyopita, chini ya ukingo, mbele ya safari yetu. Watoto wa siku hizi hawaijui, alisema, na kiangazi watu wanapita juu yake wakiwa na kiu.

Akaweka rula juu ya mistari ya gridi, akasoma tarakimu tatu za mashariki na tatu za kaskazini, polepole, kidole kikifuata. Tarakimu sita, maana yake usahihi wa mita 100.

Hapa ndipo ule ukurasa wa kodineti mbili ulipojilipia. Ramani hizo za zamani zimechorwa kwa kipimo cha msingi kinachoitwa Arc 1960, kwa umbo la dunia la Clarke 1880. GPS inafikiri kwa kipimo kingine, WGS84. Mahali pale pale, kwa ukanda wetu wa UTM (gridi inayohesabiwa kwa mita) 37 Kusini, namba za mifumo hii miwili zinatofautiana karibu mita 300 kwa kaskazini-kusini na mita 90 hivi kwa mashariki-magharibi. Ukichukua namba za mzee na kuziingiza kama WGS84, kifaa kitakupeleka mita 300 kaskazini ya chemchemi, kwa ardhi hii maana yake ni upande wa pili wa ukingo. Niliuweka mstari wa juu kuwa WGS84 kwa nyuzi na dakika, wa chini kuwa UTM kwa Arc 1960. Tukatoka nje mvua ilipopungua, mzee akasimama kwenye kona ya nyumba yake, akasoma namba za chini kwenye skrini na kuzitafuta kwenye ramani. Kidole kikatua karibu na kijumba cheusi kilichochorwa hapo hapo. "Hii ni nyumba ya baba," akasema. Alirudia kusoma, akamwita bibi aje aone.

Uji hawakukubali tuulipie. Tuliacha kilo moja ya sukari tuliyokuwa nayo.

Chemchemi tuliipata baada ya mwendo wa saa moja na nusu. Mshale ulitufikisha pale ambapo ramani ya tarakimu sita inaweza kukufikisha, kisha mwongozaji akafuata mimea ya majani mapana inayopenda maji, akazoa matawi makavu, na maji yakawa yanatoka kwenye mwamba, mengi ya kujaza chupa kwa dakika mbili. Nikaweka kifaa juu ya jiwe na kukiacha kichukue wastani wa pointi kwa robo saa. Mwongozaji alipiga picha kumpelekea mzee atakapopita tena.

Kilichobaki cha siku hiyo ni tope hadi Mambo. Teremko moja nililishuka nimekaa.

Jumanne, 21 Januari. Mambo hadi Mtae

Tulilala Mambo, kwenye mita 1,900 hivi, chumba 30,000 na kifungua kinywa. Mwalimu wa shule ya jirani alinichajia betri kwa sola yake usiku kucha.

Nilikuwa nimeacha kifaa mezani kikirekodi mwinuko, kile kirekebisho kikiwa kimezimwa kwa makusudi. Asubuhi nilikuta namba zimepanda na kushuka kwa mita zaidi ya ishirini, na meza haikusogea. Kipimo cha mwinuko ndani ya GPS za aina hii hupima shinikizo la hewa. Kwa sisi tulio karibu na ikweta, shinikizo lina mwendo wake wa kila siku: linapanda kileleni kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, linashuka chini kabisa kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, hata kama hali ya hewa ni shwari. Mabadiliko hayo yanatosha kukuambia umepanda kilima ambacho hukukipanda. Nikawasha kirekebisho, ambacho kinalinganisha shinikizo na urefu unaotoka kwenye setelaiti, na njia nzima hadi Mtae kikabaki kimetulia. Anayepima njia za maji au anayetaka jumla ya mita alizopanda akiwashe tu. Bila hicho, kirekebishe mwenyewe kila ukifika mahali ambapo mwinuko wake unajulikana.

Mtae iko kwenye ncha. Barabara ya kijiji inapita juu ya mgongo mwembamba na kwenye sehemu fulani unaona bonde kushoto na kulia kwa wakati mmoja: Mkomazi na nyika yake upande mmoja, milima ya Pare mbele, na mbali, kama hewa ikiwa safi, Kilimanjaro. Kwetu mawingu yalikataa. Tulikula chapati na chai ya tangawizi, 1,500, tukakaa hadi jioni bila haraka. Mwongozaji aliandika kwenye daftari lake tarehe halisi, na pembeni ile iliyosomwa na kifaa chake: 7 Juni 2005.

Jumatano, 22 Januari. Kurudi

Basi la Mtae kwenda chini linaondoka alfajiri kabla ya mwanga, na kondakta anapita gesti kwa gesti akigonga milango. Ulizia jioni akuandike jina. Lushoto nililipana na mwongozaji, nikabadilisha gari, nikafika Mbezi usiku.

Traki zilijihifadhi kila siku katika faili lake, zikiwa na tarehe, na kuziweka kwenye kompyuta ilikuwa kazi ya dakika chache. Kilichonikera ni kwamba ile hali ya msafara haikuonyesha popote kuwa imewashwa, ikoni hakuna, kwa hiyo uingie menyu kuhakikisha kabla hujaanza kutembea.

Mipangilio niliyoiacha ni hii: Galileo wazi nikiwa msituni na imezimwa nikiwa barabarani, WAAS na EGNOS imezimwa moja kwa moja, kirekebisho cha mwinuko wazi, kodineti mbili kwenye ukurasa wa kwanza. Faili la njia ya Lushoto hadi Mtae nimempa mwongozaji kwa WhatsApp, na pointi ya chemchemi nimeiandika humo mara mbili, kwa WGS84 kwa wenye GPS na kwa Arc 1960 kwa wenye ramani. Nakala ya karatasi ameahidi kumfikishia mzee atakapopanda na wageni mwezi wa pili.